Kukadiria Hatari ya Moyo Kupiga Ovyo Baada ya Upasuaji

Miongoni mwa matatizo yanayowapata wagonjwa baada ya upasuaji wa moyo, ni machache yanayotokea mara nyingi kama mapigo ya moyo kupoteza mpangilio. Tatizo hilo kwa kawaida huwa ni lile ambalo madaktari huliita fibrilesheni ya atria, yaani hali ambayo vyumba viwili vya juu vya moyo, vinavyojulikana kwa jina la atria, huacha kujikunja kwa pamoja na badala yake hutetema ovyo pasipo kusukuma damu inavyotakiwa. Kwa wagonjwa waliopandikizwa mishipa mipya ili damu ipite kando ya ateri za moyo zilizoziba, tatizo hili huwapata takriban 30 kati ya kila 100; kwa waliofanyiwa upasuaji wa valvu, ambazo ni vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, idadi hupanda zaidi ya hapo; na kwa wale waliofanyiwa yote mawili kwa wakati mmoja, huweza kufikia nusu yao. Jambo la kushangaza ni kwamba siku ya hatari zaidi si ile ya upasuaji wenyewe, bali ni ya pili hadi ya nne baada yake, wakati ambapo mgonjwa ameshaamka, ameanza kula na pengine ndugu zake wameshaambiwa kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Moyo wenye afya huongozwa na kituo kidogo cha asili kilichomo katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia, ambacho huzalisha mkondo wa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu anapokuwa ametulia. Mkondo huo husambaa kwanza katika vyumba vya juu, husubiri kidogo katikati, kisha huteremka kwenye vyumba vya chini ambavyo ndivyo vyenye kazi nzito ya kusukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Kipimo cha umeme wa moyo, maarufu kwa jina la ECG, ambacho kilimpatia Mholanzi Willem Einthoven Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924, huuonyesha mwendo huu kwa mstari wenye vilima na mabonde, na kilima kidogo cha kwanza ndicho kinachowakilisha umeme unaopita katika atria. Fibrilesheni inapoanza, kilima hicho hutoweka, kwa kuwa umeme hauzuki tena sehemu moja bali huzunguka huku na kule ndani ya kuta za atria zaidi ya mara 300 kwa dakika, na vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya vurugu hiyo, hivyo vikapiga kwa kasi na kwa nafasi zisizolingana.

Hatari yake ni ya namna mbili. Kwanza, moyo uliotoka kukatwa na kushonwa hupoteza msaada wa vyumba vya juu katika kujaza vile vya chini, na mgonjwa aliyekuwa na moyo dhaifu huweza kushuka shinikizo la damu au kubanwa na pumzi. Pili, damu inayotuama katika atria isiyojikunja, hasa katika kijifuko kilichojitokeza upande wa kushoto, huweza kuganda, na bonge likichomoka husafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Wagonjwa wanaopatwa na tatizo hili hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na kwa jumla hupata kiharusi na kufariki kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao, ingawa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba wengi wao walikuwa na hali mbaya tangu awali. Kwa upande mwingine, wengi hupona: katika utafiti mmoja mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2016, ambamo wagonjwa 523 waliopatwa na fibrilesheni waligawanywa kati ya wale waliopunguziwa kasi ya moyo tu na wale waliorejeshewa mpangilio kwa dawa na pale ilipobidi kwa mshtuko wa umeme, makundi yote mawili yalikaa hospitalini takriban siku tano, na baada ya siku 60 zaidi ya 90 kati ya kila 100 walikuwa na mapigo ya kawaida.

Kwa nini basi wawili wanaofanyiwa upasuaji uleule, na daktari yuleyule, katika wiki moja, mmoja apatwe na mwingine asipatwe? Jibu linalokubalika leo ni kwamba tatizo huzaliwa pale mambo mawili yanapokutana, yaani udhaifu uliojijenga katika atria kwa miaka mingi, na uchokozi unaoletwa na upasuaji kwa siku chache. Uchokozi huo ni pamoja na uvimbe unaofuata kukatwa kwa misuli na kupita kwa damu katika mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu, mfumuko wa adrenalini unaosababishwa na maumivu na msongo, maji mengi anayoongezewa mgonjwa, kubadilika kwa kiwango cha chumvichumvi katika damu, na damu inayobaki nyuma ya moyo na kuzichokoza kuta zake. Uchokozi huu humfika kila anayepasuliwa, kwa hiyo hauwezi peke yake kueleza tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Tofauti hiyo hutafutwa zaidi katika udhaifu, yaani katika makovu madogomadogo na kutanuka kwa atria kunakotokana na uzee, shinikizo la juu la damu, unene uliopita kiasi, ugonjwa sugu wa mapafu, au valvu iliyoharibika.

Katika mambo yote hayo, umri ndio ulioonyesha nguvu kubwa zaidi na uthabiti katika karibu kila utafiti. Kazi iliyoliweka wazi jambo hili ilichapishwa mwaka 2004 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, baada ya kufuatiliwa wagonjwa 4,657 katika vituo 70 vya nchi 17, ambapo takriban 32 kati ya kila 100 walipatwa na fibrilesheni. Watafiti waligundua kwamba kila miaka kumi inayoongezeka katika umri wa mgonjwa huongeza uwezekano wa kupatwa kwa takriban robo tatu ya ule uliokuwapo, na kwamba waliowahi kuwa na fibrilesheni siku za nyuma, wenye ugonjwa sugu wa mapafu na waliofanyiwa upasuaji wa valvu walikuwa katika hatari zaidi. Kulikuwa pia na jambo lisilohusiana na mwili wa mgonjwa bali na uamuzi wa watu: wale waliokuwa wakitumia dawa za kundi la beta-bloka, ambazo huzuia adrenalini isiuharakishe moyo, kisha wakasimamishiwa dawa hizo baada ya upasuaji, uwezekano wao wa kupatwa ulikaribia mara mbili. Kwa hiyo orodha ya dawa anazotumia mgonjwa nyumbani, ambayo mara nyingi hupotea kati ya wodi moja na nyingine, ina uzito wake katika utabiri huu.

Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa 17,262 kutoka hospitali tatu za vyuo vikuu, walitunga kipimo cha alama ambacho daktari anaweza kukihesabu kando ya kitanda bila kompyuta. Mwenye umri wa miaka 60 hadi 69 hupewa alama moja, wa miaka 70 hadi 79 mbili, na wa miaka 80 na kuendelea tatu; kisha huongezwa alama moja kwa kila mojawapo ya mambo haya: ugonjwa sugu wa mapafu, figo zilizoshindwa kabisa kazi, upasuaji wa dharura, kuhitaji puto la kuusaidia moyo kabla ya upasuaji, moyo unaotoa chini ya asilimia 30 ya damu iliyomo kwa kila pigo, na upasuaji wa valvu. Asiyekuwa na alama hata moja alionekana kuwa na uwezekano wa takriban 11 kati ya 100, na mwenye alama tatu au zaidi takriban 40 kati ya 100. Mzee wa miaka 72 mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, anayekwenda kubadilishiwa valvu, hupata alama nne, na timu inayomhudumia inajua kabla hajaingia chumba cha upasuaji kwamba amo katika kundi la juu.

Wepesi wa kipimo hicho ni sifa kubwa, lakini ni lazima kuuliza kinaona mbali kiasi gani. Wataalamu wa takwimu hupima jambo hili kwa namba iliyo kati ya 0.5 na 1, ambayo maana yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: wakichukuliwa wagonjwa wawili, mmoja aliyepatwa na tatizo na mwingine asiyepatwa, namba hiyo hueleza ni mara ngapi kipimo kitampa yule aliyepatwa alama kubwa zaidi. Namba 0.5 ni sawa na kubahatisha, na 1 ni utabiri usiokosea kamwe. Kipimo kilichotungwa katika utafiti ule wa mwaka 2004 kilipata takriban 0.77, nacho kilikuwa na faida ya kuhesabu pia mambo yanayotokea baada ya upasuaji. Kile cha mwaka 2014, kinachotegemea yale yanayojulikana mapema, kilipata namba ya chini zaidi, na vingine vilivyokuja kujaribiwa kwa kazi hii, kikiwemo kile cha CHA2DS2-VASc kilichotungwa awali kwa ajili ya kukadiria hatari ya kiharusi, havikufanya maajabu. Kwa lugha ya wodini, hii ina maana kwamba wagonjwa wengi watakaopatwa watatoka katika kundi lililohesabiwa kuwa la kati au la chini, kwa sababu kundi hilo ndilo lenye watu wengi, na wengi waliowekwa katika kundi la juu watarudi nyumbani bila moyo kuyumba hata mara moja.

Isitoshe, kinachosaidia kutabiri si lazima kiwe ndicho chanzo. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wagonjwa walioongezewa potasiamu, madini yanayohusika na umeme wa moyo, walipatwa kwa uchache zaidi, na katika hospitali nyingi ikawa ada kuhakikisha kiwango chake katika damu hakishuki chini ya milimoli 4.5 kwa lita. Mwaka 2024 jambo hilo lilijaribiwa kwa njia ya kura katika vituo 23 vya Uingereza na Ujerumani, kwa wagonjwa 1,690 waliopandikizwa mishipa ya moyo: nusu waliongezewa potasiamu kiwango kiliposhuka chini ya 4.5, na nusu walisubiriwa hadi kishuke chini ya 3.6. Fibrilesheni iliwapata asilimia 26.2 ya kundi la kwanza na asilimia 27.8 ya kundi la pili, tofauti ambayo haikutosha kuhalalisha gharama na usumbufu wa kumwongezea mgonjwa madini asiyoyahitaji. Yaliyoikuta dawa ya rosuvastatini nchini China ni ya aina hiyohiyo: ilitegemewa kwamba kwa kupunguza uvimbe itapunguza fibrilesheni, lakini kwa wagonjwa 1,922 waliofuatiliwa mjini Beijing, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016, waliopewa dawa na wasiopewa walipatwa kwa kiwango kilekile cha takriban asilimia 21.

Thamani ya utabiri basi hutegemea kile kinachoweza kufanywa baada ya kutabiri, na hapa kuna jambo ambalo makala nyingi za kitaalamu hulipita haraka mno. Iwapo kinga ni nafuu na haina madhara makubwa, hakuna haja ya kuchagua nani apewe; watapewa wote wasio na kizuizi, kama inavyofanyika kwa kuwaendelezea dawa za beta-bloka wale waliokuwa wakizitumia. Mfano mwingine ni njia iliyojaribiwa New York kwa wagonjwa 420 na kutangazwa mwaka 2021, ambapo daktari, kabla ya kufunga kifua, alikata tundu katika sehemu ya nyuma ya mfuko unaouzunguka moyo ili damu na maji yasituame hapo bali yateremkie upande wa pafu la kushoto. Fibrilesheni ilishuka kutoka asilimia 32 hadi 17, pasipo kuhitajika kifaa kipya wala dawa. Ni katika dawa kama amiodaroni, ambayo hutuliza umeme wa moyo lakini huweza kuupunguza kasi kupita kiasi na kushusha shinikizo la damu, ndipo kujua nani yumo hatarini zaidi kunapokuwa na maana ya kweli, kwa kuwa mwenye uwezekano wa 11 kati ya 100 hana sababu ya kubeba madhara ambayo mwenye 40 anaweza kuyavumilia.

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yametokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa Ulaya, Amerika na Asia ya Mashariki, ambao wengi wao ni wazee wenye ateri zilizoziba. Afrika Mashariki, ambako moyo hupasuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala, Hospitali ya Tenwek huko Bomet na kwingineko, ina sura nyingine ya mgonjwa. Hapa sababu kubwa ya kuharibika kwa valvu ni homa ya rumatiki, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni, yale ambayo wengi huyaita mafindofindo, yasipotibiwa kwa antibayotiki kama penisilini. Kinga ya mwili inayopigana na bakteria wa maambukizi hayo hugeuka ikaushambulia moyo, na valvu ya mitrali, iliyoko kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, ndiyo huumia zaidi. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, nusu ya wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa tayari na fibrilesheni.

Kipimo cha alama cha Ulaya kikitumiwa kwa mwanamke wa miaka 28 ambaye valvu yake ya mitrali imekuwa nyembamba kwa miaka kumi, kitampa alama moja tu, ile ya upasuaji wa valvu, kwa kuwa hana uzee wala ugonjwa wa mapafu. Lakini chumba chake cha juu cha kushoto, ambacho kwa muda wote huo kimekuwa kikisukuma damu kupitia tundu dogo, huenda kimetanuka kupita kile cha mzee wa miaka 80, na kuta zake zimejaa makovu. Umri uliokuwa shahidi mwaminifu wa hali ya atria kwa mgonjwa wa Ulaya unatoa ushahidi wa uongo kwa mgonjwa huyu. Kinachosema kweli kwake ni ukubwa wa chumba hicho, ambao hupimwa kwa mawimbi ya sauti katika kipimo cha ECHO anachofanyiwa kila anayesubiri upasuaji wa valvu, pamoja na upana wa kile kilima cha kwanza cha ECG, ambao huongezeka kadiri umeme unavyochelewa kupita katika ukuta uliotanuka. Vipimo hivyo viwili vipo tayari katika faili lake. Kilichokosekana katika kipimo cha alama ni mahali pa kuviandika.

Kuna pia suala la namna tatizo linavyogunduliwa, ambalo huathiri namba zote zinazotajwa. Fibrilesheni huweza kudumu dakika chache na kujiondokea, na mgonjwa asihisi chochote. Hospitali inayomwacha mgonjwa na mashine ya kuangalia mapigo hadi siku ya tano itaona vipindi vingi zaidi kuliko ile inayoiondoa mashine mgonjwa anapotoka chumba cha uangalizi maalumu, ilhali siku ya tatu, yenye hatari kubwa, mara nyingi humkuta mgonjwa akiwa ameshahamishiwa wodi ya kawaida. Kwa hiyo hospitali yenye kiwango cha chini cha fibrilesheni kwenye vitabu vyake haistahili kusifiwa kabla ya kuulizwa inawaangalia wagonjwa wake kwa siku ngapi. Pale ambapo mashine ni chache, matumizi yenye faida ya mara moja ya kipimo cha alama pengine si kuchagua nani apewe dawa, bali ni kuamua mashine iliyobaki iendelee kukaa kwa nani.

Matumaini mengi sasa yameelekezwa kwenye programu za akili bandia. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota nchini Marekani walionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa na kujaribiwa kwa takriban ECG 650,000 za watu zaidi ya 180,000 iliweza, kwa kusoma mchoro wa moyo unaopiga sawasawa kabisa, kumtambua mtu ambaye wakati mwingine hupatwa na fibrilesheni, nayo ikapata 0.87 katika ile namba ya uwezo wa kutofautisha. Hiyo haikuwa kazi ya kutabiri yatakayotokea baada ya upasuaji, lakini ilithibitisha kwamba udhaifu wa atria huacha alama ambazo jicho la binadamu halizioni. Tatizo ni kwamba mashine hurithi sura ya wale iliofundishwa kwao, na iliyofundishwa kwa wazee wa Minnesota haiwezi kudhaniwa tu kwamba itamsoma vyema kijana wa Mwanza mwenye valvu iliyokakamaa.

Kwamba tahadhari hii si ya kubuni, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ni ushahidi wa kutosha. Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, ilikuwa imeonyesha mafanikio kwa wagonjwa wa fibrilesheni wasio na ugonjwa wa valvu wa rumatiki, na wengi walitarajia kwamba ingechukua nafasi ya dawa kongwe za kundi la warfarini, ambazo humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara. Ilipojaribiwa kwa watu 4,565 wenye fibrilesheni iliyotokana na ugonjwa huo wa valvu, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini, ni dawa kongwe zilizookoa maisha zaidi.

Hospitali za Afrika Mashariki zinazopasua moyo hazihitaji kusubiri mashine wala wafadhili ili kutengeneza kipimo chao cha hatari. Umri, hali ya kila valvu, ukubwa wa atria ya kushoto, upana wa kilima cha kwanza cha ECG, dawa alizokuwa akitumia mgonjwa kabla ya kulazwa na mapigo yake katika siku tano za mwanzo ni mambo sita yanayoweza kuandikwa katika fomu moja ileile kutoka Dar es Salaam hadi Bomet na Kampala, na yakikusanywa kwa miaka michache yatatosha kuanza hesabu. Nao ndugu wa mgonjwa wana sehemu yao katika kazi hiyo, nayo ni kufika hospitalini na dawa zote anazotumia zikiwa ndani ya mfuko mmoja, na kumuuliza daktari bila woga ni ipi kati ya hizo isiyopaswa kusimamishwa.